Haina Dereva

Hombolo, mwezi wa pili, ofisi ya ushirika.
Kompyuta tuliyorithi halmashauri
bado ina kibandiko cha sensa ubavuni,
herufi N imefutika kwa kuguswa,
feni yake yakohoa
kama mbuzi aliyemeza mfuko wa plastiki.

Asubuhi imeandika: kadi ya mtandao haina dereva.

Nikamsomea Mhogolo, mlinzi, kwa sauti.
"Dereva yupo," akanijibu, "si Ndahani?
Kaenda kunywa chai. Lori lake lile pale."
Nikacheka. Halafu nikaacha,
maana jioni lori lingepakia kreti mia na arobaini,
alfajiri liondoke,
na uzito wa zabibu za kila mkulima
umo ndani ya sanduku hili kiziwi,
na kiwandani hawapokei kreti
isiyotanguliwa na orodha.

Dereva yuko mtandaoni.
Mtandao unamngoja dereva.
Ufunguo umefungiwa ndani ya nyumba,
nawe uko kibarazani, unahesabu siafu.

Bodaboda hadi Ihumwa, duka la Zakayo Mlewa,
fotokopi, picha za pasipoti, flashi za kukodi.
"Kadi yako ya lini?"
"Ya zamani."
"Zamani ya nani, dada Yeriko?
Kuna zamani ya mwaka juzi, na kuna zamani yenyewe.
Niletee namba."

Nikarudi. Nikaipasua tumbo
kwa bisibisi ya cherehani.
Ndani, vumbi jekundu, robo kikombe,
shamba zima la mtu lilihamia humo kimyakimya,
na chini ya vumbi kipande cha kijani
chembamba kama kucha, na maandishi ya kukodolea macho.
Namba nikaiandika kiganjani.
Tena bodaboda, tena jua,
na jasho likala tarakimu ya mwisho:
tatu, au nane?

Zakayo akanitilia zote mbili.
Hakunitoza ya pili.

Usiku. Kioo cheusi, maandishi meupe,
hakuna vitufe vya kubofya, hakuna picha,
ni wewe na sentensi yako tu.
Nikikosa nukta, inasema hainijui.
Nikizidisha nafasi, inasema hainijui.
Mwalimu wangu wa sarufi, darasa la tano,
hakuwahi kuwa mkali hivi.
Ile ya tatu ikakataliwa.
Ile ya nane ikakaa kimya,
kimya kirefu, feni ikapumzika,
nikasikia panya kwenye magunia ya salfa,
kisha mstari mmoja:
dereva amepakiwa.

Nikapiga kigelegele peke yangu, saa sita na nusu.

Lakini mtandao, hakuna.
Nikauliza kwa amri nyingine, ikajibu kwa ufupi:
imezuiwa kwa mkono.

Mkono wa nani?
Nikautazama wangu, wenye wino wa namba nusu.
Nikaigeuza mashine, nikaipapasa
kama mnunuzi anavyompapasa ng'ombe mnadani,
na ukucha wangu ukanasa kwenye kibandiko cha sensa.
Chini yake, swichi.
Ndogo kama punje ya uwele.
Imelala kushoto.
Miaka yote hiyo tumehesabiwa, tukazimwa.

Nikaisukuma kulia.

Na hewa ya Hombolo, niliyoidhani tupu,
ikajaa majina:
MAMA RAKELI NAFAKA
ZAHANATI-2
USITUIBIE TUNAKUONA
Mchg. Chiwanga Nyumbani
na mwisho, mistari miwili kati ya minne,
USHIRIKA ZABIBU.

Nikabofya.
Ikaniuliza nenosiri.

Nenosiri analo katibu.
Katibu yuko msibani Kondoa,
simu yake haipatikani tangu juzi.

Nikaandika zabibu. Hapana.
Nikaandika Zabibu. Hapana.
Nikaandika hombolo, na jina la mke wake,
na mwaka tuliopata hati ya usajili.
Dirisha likaanza kuwa kijivu.
Huko nje Ndahani akawasha injini,
akaiacha ingurume.

Madereva wote wawili walikuwa tayari.
Nikaanza upya, kwa herufi kubwa.